Sista mweusi wa Moret na umbea wa Versailles

Kuna ile picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, sista mweusi kavaa shela, chini wameandika eti ni mtoto wa siri wa malkia wa Ufaransa aliyezaa na mtumwa. Picha yenyewe ni ya kweli, iko Paris kwenye maktaba ya Sainte-Geneviève, na huyo mama aliishi kweli. Aliitwa Louise Marie-Thérèse, mtawa wa Kibenediktini kwenye kamji ka Moret karibu na Fontainebleau (sisi tukisikia Wabenediktini akili inakimbilia Peramiho na Ndanda, hawa ni wa karne ya 17 huko). Ila hayo maneno ya chini ya picha yananichosha, manake stori halisi imekolea kuliko hiyo ya kuunganisha-unganisha.

Mwaka 1695 sista anaweka nadhiri, Oktoba hiyohiyo mfalme Louis XIV anaagiza apewe livre 300 (hela ya Ufaransa ya enzi hizo) kila mwaka mpaka kufa kwake. Sasa jiulize, mfalme wa Ufaransa nzima ana shughuli gani na sista mmoja wa Moret? Na sio hela tu. Saint-Simon, ambaye kazi yake pale Versailles, ikulu ya mfalme, ilikuwa kuandika kila alichosikia na kila alichochungulia, anasema malkia alikuwa anaenda kumwona, baadaye Madame de Maintenon (yule ambaye mfalme alimuoa kimyakimya baada ya malkia kufariki 1683) naye akawa haishi kwenda, hata Dauphin mwenyewe, mrithi wa kiti, alipita pale mara kadhaa akamuulizia. Na sista kichwa kikaanza kuvimba, angekosaje kuvimba? Siku moja Dauphin anawinda msituni, kelele zinasikika mpaka kwenye konventi, sista akasema kama vile hajasema kitu, kaka yangu huyo anawinda.

Voltaire, yule mwandishi maarufu wa Ufaransa, anasema mkuu wa konventi alichoka na hayo majivuno akalalamika, ikabidi Maintenon afunge safari kuja kumweka sawa, amwambie apunguze, amtoe hilo wazo kichwani. Sista akamsikiliza, halafu akamjibu: Bibi, mtu wa hadhi yako kujisumbua kuja mpaka huku makusudi kuniambia mimi si binti wa mfalme, hapo ndo naamini kwamba ni binti yake.

Jamani. Hapo unajibu nini? Ukinyamaza umekubali, ukiendelea kubisha unazidi kumpa ushahidi. Nimeshasoma majibu mengi ya watu wa kale lakini hili nalipenda kuliko yote, na limetoka kwa mtu ambaye wote waliomzunguka walikuwa na cheo kumzidi.

Sasa ile ya malkia imetoka wapi? Tarehe 16 Novemba 1664 malkia Marie-Thérèse, Mhispania, alijifungua binti kabla ya muda, kwa shida sana, na binamu yake mfalme, Mademoiselle de Montpensier, ambaye wala hakuwepo chumbani, akaandika alivyosimuliwa kwamba kachanga kanafanana na kale katoto keusi alikopewa malkia, kalikokuwa kanashinda naye kila mahali. Mtoto akatangazwa amefariki 26 Desemba. Njiti aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anabadilika rangi, mkunga yeyote atakwambia, lakini watu wa ikulu hawakutaka maelezo ya mkunga. Wengine wakasingizia chokoleti, manake malkia alikuwa anaipenda kupita kiasi, na usicheke, mwaka 1671 Madame de Sévigné alimwandikia binti yake habari ya mama mwingine kabisa aliyekunywa chokoleti nyingi akiwa mjamzito akazaa mtoto mweusi kama shetani.

Kinachonifurahisha ni kwamba Voltaire alimwona huyu sista kwa macho yake, na alichoandika ni kwamba alikuwa mweusi sana na amefanana na mfalme. Na mfalme! Malkia hayumo kabisa. Yaani umbea aliouandika yeye ulikuwa unamnyooshea kidole Louis, ambaye watoto wa nje alikuwa nao kibao na wala hawafichi, sisi wa leo ndo tumemgeuzia mke.

Halafu kuna Duc de Luynes, mtu mwingine wa ikulu aliyeandika kumbukumbu zake, yeye anakata utamu wote: kulikuwa na mume na mke weusi wanafanya kazi kwenye bustani ya wanyama ya mfalme, wakapata binti, Maintenon akamtafutia nafasi konventi. Basi. Na kama mfalme na malkia walikuwa ndo wasimamizi wa ubatizo, jina la Louise Marie-Thérèse linajieleza lenyewe, na hela ya kila mwaka nayo inajieleza, mtoto wa ubatizo humtupi. Mimi kura yangu iko hapa, ingawa najua haina ladha, na najua sista mwenyewe angenikatalia.

Wanaobisha wana silaha moja. Kwenye hiyohiyo maktaba ya Sainte-Geneviève kulikutwa jalada limeandikwa kwa nje, Karatasi zinazomhusu Mwanamke Mweusi, binti wa Louis XIV. Ndani hamna kitu. Nani alizitoa na lini, endeleeni kugombana kwenye koment, mimi nimesoma mpaka macho yanauma.