Maboksi 38, diski 171, filamu 219

Orodha ya zamani ya mkusanyo huu wa filamu ilikuwa lahajedwali lenye mstari mmoja kwa kila boksi. Ilisema "38" na kunyamaza. Ukitaka kujua kama filamu fulani imo, huna budi kufungua kabati na kutoa maboksi moja moja. Tangu mwisho wa kaskazi kazi imekuwa kuivunja orodha ile na kuijenga upya, na sasa maboksi yote yameingia. Mkusanyo uko Wete, Pemba, na umechanganyika kama ilivyo mikusanyo mingi ya huku: seti za Kihindi, Bongo Movie, za Kimisri, za Kizungu zilizoletwa na jamaa wa Maskati na Uingereza, na zile diski za filamu kumi na mbili kwa moja zilizokuwa zikiuzwa Darajani na Mlandege, mjini Unguja.

Boksi si filamu

Mradi mzima umesimama juu ya jambo hili moja. Boksi ni kitu cha kushikwa: lina msimbo pau (ile mistari myeusi yenye tarakimu inayosomwa na skana), lina mahali pake kabatini, linaota koga. Filamu ni kazi ya sanaa: ina mwaka, mwongozaji na waigizaji, na inaweza kukaa katika maboksi mawili kwa wakati mmoja. Baina yao ipo diski, ambayo ndiyo inayokwaruzika na ndiyo inayoazimwa. Ukivitia vitatu hivyo katika mstari mmoja, kila swali utakalouliza baadaye litajibiwa kwa makosa.

Programu ni DB Browser for SQLite. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na hifadhidata nzima ni faili moja. Majedwali ni manne. La boksi lina jina lililochapwa nje, mwaka wa toleo, msimbo pau, ukanda (sehemu ya dunia ambayo diski zake zimeruhusiwa kuchezwa) na mahali. La diski lina boksi lake, nambari yake ndani ya boksi, aina (VCD, DVD au Blu-ray), hali, na jina la aliyeazima. La filamu lina jina la asili, mwaka, mwongozaji, lugha na kitambulisho cha IMDb, ile orodha kubwa ya filamu iliyoko mtandaoni. La nne linaitwa "yaliyomo", nalo ndilo linalobeba uzito: diski ipi, filamu ipi, upande gani, nafasi ya ngapi, sehemu ya ngapi, toleo lipi.

Chukua seti ya filamu tatu za Satyajit Ray: Pather Panchali ya 1955, Aparajito ya 1956 na Apur Sansar ya 1959. Jina la seti linakaa kwenye jedwali la boksi peke yake, pamoja na mwaka ambao seti imetoka. Filamu zinapata mistari mitatu, kila moja na mwaka wake, na ya kwanza inabeba tt0048473, kitambulisho chake cha IMDb. Kishawishi kikubwa ni kuandika jina la seti kama filamu ya nne ili lionekane unapotafuta. Usifanye. Tengeneza mwonekano ("view", yaani jedwali la kutazamia tu) mmoja unaounganisha majedwali yote manne, utafute humo. Ukiandika jina la boksi zitatoka filamu zake tatu.

Tahadhari ya SQLite: kwa kawaida yake haikagui viungo baina ya majedwali mpaka uiamrishe, na amri yenyewe, PRAGMA foreign_keys = ON, inahitajika kila unapoifungua hifadhidata. Bila hiyo unaweza kufuta boksi, diski zake zikabaki zinaelea hazina mwenyewe. Zilipatikana diski 9 za namna hiyo baada ya maboksi mawili kufutwa ili yaandikwe upya.

Misimbo pau

Boksi la diski sita laweza kuwa na misimbo saba: mmoja nje, na mmoja mgongoni mwa kila kasha la ndani, kwa sababu mtengenezaji amechukua makasha yaliyokuwa yakiuzwa peke yake akayatia pamoja. Unaoingia kwenye jedwali la boksi ni wa nje tu. Ya ndani imeongezewa safu yake katika jedwali la diski. Usipoiandika, siku ukiokota kasha pweke chini ya kabati hutojua ni la wapi.

Safu za misimbo ziwe za maandishi, zisiwe za namba. Seti za Marekani zina tarakimu 12 na nyingi huanzia sifuri; lahajedwali likidhani ni namba hulifuta sifuri lile. Za India, zenye tarakimu 13 zinazoanzia 890, huzikunja zikawa 8.9E+12, na ukihifadhi hivyo katika faili la CSV tarakimu za mwisho zimekwenda na maji. Skana ya USB nayo ni ya kuangaliwa. Inajifanya kibodi tu, na skana nyingi zimepangwa kiwandani kuondoa sifuri la mwanzo la msimbo wa tarakimu 13. Soma msimbo mmoja, hesabu tarakimu kwa macho, kisha ndipo uiamini.

Palipofutika wino, msimbo ulisomwa kwa miwani ukaandikwa kwa mkono, halafu ukakaguliwa kwa tarakimu yake ya mwisho. Mfano wa kubuni: 8901234567890. Jumlisha nafasi za 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 8+0+2+4+6+8 ni 28. Jumlisha nafasi za 2 hadi 12 kwa kuruka moja moja: 9+1+3+5+7+9 ni 34, zidisha mara 3 upate 102. Jumla ni 130. Kinachopungua kufikia kumi kamili ni 0, na ndiyo tarakimu ya 13. Hesabu hii imekamata misimbo 4 iliyokosewa.

Kumi na mbili kwa moja

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu kuliko pote. Jalada lina picha ndogo kumi na mbili, kila moja kama stempu ya barua, na majina yake hayaaminiki. Pengine filamu imebandikwa jina jengine, pengine picha ni ya filamu hii na jina ni la ile, pengine jalada linasema 12 na ndani zimo 10. Kwa hivyo hakuna kinachoandikwa kwa kusoma jalada. Diski inafunguliwa kwa VLC, programu ya kuchezea video, unatazamwa urefu wa kila kipengele kwenye orodha, na filamu inaandikwa baada ya jina lake kuonekana kwenye kioo. Ikiwa mwanzo umekatwa, nenda kwenye majina ya mwisho. Nayo yakiwa yamekatwa, tafuta kwa jina la mwigizaji mkuu na mwaka wa karibu, kisha uandike "haijathibitishwa".

Ukifungua folda ya VIDEO_TS, ambamo DVD huweka filamu zake, diski nyingi huonyesha kila filamu na kundi lake: VTS_01, VTS_02 na kuendelea, kila kundi likiwa na vipande vya VOB (mafaili ya video yenyewe) visivyozidi GB 1. Lakini ziko zilizounganishwa zote katika kundi moja na kutenganishwa kwa menyu tu, na hizo ukihesabu makundi utapata filamu moja. Vipengele vya sekunde chache ni menyu au tangazo, viache.

Imeongezwa safu ya ubora, inayojazwa kwa hesabu: GB za filamu mara 8000, gawa kwa sekunde zake, upate biti milioni kwa sekunde. DVD ya tabaka mbili inabeba GB 8.5. Filamu moja ya saa mbili na nusu ikikaa peke yake inaweza kupata wastani wa 7.5. Tatu za urefu huo, kama zile seti za Kihindi za tatu kwa moja, zinagawana 2.5 kila moja. Kumi na mbili za dakika 90 zinapata kama 1 tu, na hiyo ni chini ya VCD, ambayo picha yake ni 1.15. Ndiyo maana sura za watu zinavunjika vigae vigae wakikimbia. Filamu 8 zimo kila moja katika maboksi mawili, na safu hii ndiyo inayoamua ipi itazamwe na ipi iazimwe.

Diski isiyo na picha upande wowote, yenye maandishi madogo tu kuzunguka tundu la kati, ni ya pande mbili. Deki husoma upande wa chini, kwa hivyo herufi unayoiona juu haitoshi kukuambia kinachocheza. Icheze, ndipo uandike A au B.

Part 1 na Part 2

Bongo Movie nyingi ziliuzwa diski mbili, Part 1 na Part 2, kila moja na jalada lake. Ni filamu moja au mbili? Uamuzi uliochukuliwa: angalia mwisho wa Part 1. Hadithi ikikatika katikati na majina kamili ya washiriki yakaja mwisho wa Part 2 peke yake, ni filamu moja yenye sehemu 1 na 2. Ikiwa ya kwanza imefungwa na ya pili imepigwa baadaye, kwa hadithi inayoendeleza ile, ni filamu mbili. VCD za Kihindi za diski mbili ni rahisi zaidi, kwani diski moja haichukui zaidi ya dakika 80 hivi, na pale ilipokatwa ni kwa kukosa nafasi tu. Kwa jumla filamu 17 zimelala juu ya diski mbili au pande mbili. Hivyo "yaliyomo" ina mistari 244: toa 17, toa zile 8 zilizojirudia, zinabaki 219.

Filamu za kwetu nyingi hazimo IMDb. Zimepewa kitambulisho cha nyumbani, Z-001 na kuendelea, ili safu isibaki tupu. Mwaka usipoandikwa popote, tazama stempu ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwenye jalada: utaratibu huo ulianza 2013, kwa hivyo nakala yenye stempu haikutoka kabla ya hapo. Huo ni mwaka wa nakala, si lazima uwe wa filamu.

Filamu ya kigeni iliyotiwa maelezo ya Kiswahili na DJ ni filamu ile ile, toleo jengine. Sauti yake imepandishwa juu ya ya asili, na aghalabu imepunguzwa. Vilevile filamu ya tatu ya The Godfather: ya 1990 na ile aliyoihariri upya Francis Ford Coppola mwaka 2020 na kuipa jina jipya zina mstari mmoja katika jedwali la filamu, matoleo mawili katika "yaliyomo". Usikimbilie kusema toleo ni tofauti kwa sababu ya dakika pekee. Diski za PAL, mfumo wa televisheni wa huku na wa Uingereza, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na filamu ya dakika 150 inakuwa 144. Zidisha urefu wa asili kwa 0.96 kwanza, ikilingana, ni toleo lile lile.

Ukanda

Andika ukanda wa boksi siku ya kwanza, usingoje deki ikatae. Kwa DVD, sisi na India tuko ukanda 5, lakini seti za Maskati na za Uingereza ni 2. Kwa Blu-ray mambo yanageuka: sisi, sehemu kubwa ya Ulaya na Mashariki ya Kati tuko B, India iko C. Boksi la Blu-ray kutoka Mumbai linaweza kugoma kwenye deki ambayo DVD za huko huko inazicheza vizuri. Na deki ya kompyuta inakubali kubadilishwa ukanda mara 5 tu. Baada ya hapo inabaki palipoishia.

Masika

Boksi la karatasi ngumu linavuta unyevu, linavimba, na makasha ya ndani yanakataa kutoka. Ukivuta kwa nguvu unapasua kona. Shika boksi mdomo chini, gonga mgongo kwa kiganja, yateleze yenyewe. Maboksi 6 yalikuwa na koga kwenye vijitabu. Yameanikwa kivulini, si juani, yakapigwa brashi kavu nje ya nyumba. Pakiti za silika (vile vijifuko vya chembe zinazofyonza unyevu) hazifai kitu zikishashiba: zinazogeuka rangi zianikwe juu ya bati la moto mpaka zirudi rangi yake. Kabati limesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani, na miguu inapakwa dawa ya mchwa, maana mchwa hupenda boksi kuliko mbao.

Majalada yamepigwa picha kwa skana ya A4 kwa dpi 300. Karatasi ya kasha la kawaida ni milimita 273 kwa 183, inaenea kwa mkupuo mmoja. Faili la picha linapewa namba ya boksi, si jina la filamu.

Umeme ukikatika wakati wa kuandika, SQLite hujirekebisha yenyewe. Faili la jarida ("journal") lililo pembeni ya hifadhidata usilifute, ndilo linaloirudisha. Nakala za akiba ni mbili kwenye flashi, moja inakaa nyumba nyengine Chake Chake.

Zilizobaki

Diski 5 kati ya 171 hazipo. Mfano, boksi namba 22 limechapwa "diski 6" na ndani zimo 5. Ya nne haikuwemo. Mstari wake umeachwa, hali yake "haipo", na filamu zake mbili haziko katika orodha ya zinazotazamika mpaka ipatikane. Nambari iliyochapwa kwenye duara la ndani la diski ya tano imenakiliwa, ili ile ya nne ikipatikana pweke sokoni ilinganishwe nayo kabla ya kununuliwa.