Mfuko Usio na Deni

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini: “Dada, kama ni mmoja kati ya wanne, na wa kwanza ndiye aliyepata, si watatu watakaofuata watakuwa salama?” Yeye na mkewe wote wamebeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila wenyewe kuugua, na mtoto wao amezaliwa na ugonjwa huo. Jibu nilikuwa nalo, lakini kabla ya kulitamka nilijikuta nimerudi katika maabara ya shule, mkono wangu ukiwa ndani ya mfuko wa shanga.

Kila wanafunzi wawili walipewa mifuko miwili, mmoja wa baba na mwingine wa mama, na katika kila mfuko shanga nyekundu na nyeupe zilikuwa sawa kwa idadi. Nyekundu ilikuwa jeni tawala, ambayo ikiwapo hata moja tu sifa yake huonekana. Nyeupe ilikuwa jeni fifi, ambayo sifa yake haijitokezi mpaka zikutane mbili. Tulitakiwa kuchomoa shanga moja kutoka kila mfuko bila kutazama, kuandika tulichopata, kuzirudisha shanga, kutikisa mifuko, na kufanya hivyo mara 40. Mwalimu alilisisitiza neno “kuzirudisha” kuliko mengine yote, nami sikuona uzito wake.

Mara nane za mwanzo hatukupata nyeupe mbili hata mara moja. Naikumbuka mara ya tisa kuliko siku nyingi za shule: kitambaa kikavu kikinikwaruza kifundo cha mkono, shanga baridi zikiteleza kati ya vidole, na mwenzangu akiwa ameinua kalamu, tayari kuandika. Nilikuwa na hakika kwamba mfuko ulikuwa unanidai nyeupe, au mimi ndiye niliyeudai. Vyovyote vile, niliamini kuna hesabu kati yetu iliyopaswa kulipwa. Nilizungusha vidole kwa muda mrefu, kana kwamba rangi ingeweza kuhisiwa kwa ngozi. Nilipofumbua kiganja, shanga ilikuwa nyekundu.

Tulimaliza tukiwa na 34 kwa 6, yaani mara 34 zenye nyekundu walau moja na mara 6 za nyeupe mbili, ilhali kitabu kilitaka 30 kwa 10. Tukafuta, tukaandika 30 kwa 10.

Mwalimu aliandika majibu ya darasa zima ubaoni, na kati ya makundi 16, makundi 11 yalikuwa na 30 kwa 10 kamili. Aliitazama safu ile kimya, kisha akasema kwamba tarakimu zile hazikutoka mifukoni. Sasa najua alivyotambua: ukichomoa mara 40 kwa uaminifu, uwezekano wa kupata 30 kwa 10 kamili ni kama mmoja kati ya saba tu. Hakumwadhibu mtu. Tulirudia zoezi mbele yake, na tulipojumlisha mara 640 za darasa zima tukapata 487 kwa 153, karibu kabisa na tatu kwa moja, ingawa hakuna kundi hata moja lililopata 30 kwa 10.

Miaka mingi baadaye nilisoma tarakimu za Gregor Mendel, mtawa wa Brno aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Jumla zake zinavutia: mbegu 5,474 za mviringo kwa 1,850 zenye mikunjo. Lakini kilichonishika ni kwamba alieleza pia habari za mmea mmoja uliozaa mbegu 43 za mviringo na 2 tu zenye mikunjo, na mwingine uliozaa 14 kwa 15. Najua kwamba mwaka 1936 mwanatakwimu R. A. Fisher alionyesha kuwa kwa jumla matokeo ya Mendel yanakaribia mno matarajio, na ubishi huo ni halali. Hata hivyo, ile 14 kwa 15 hakuifuta, nasi tuliifuta 34 kwa 6.

Nilimwambia mdogo wangu kwamba shanga hurudishwa kila mara. Katika kila mimba uwezekano ni ule ule: robo mtoto augue, nusu abebe jeni moja kama wazazi wake, robo asiwe nayo kabisa. Hata wakijaliwa watoto wanne, uwezekano wa kuugua mmoja tu kati yao ni kama asilimia 42, chini ya nusu.

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. “Kwa hiyo huyu wa kwanza hajawakinga wenzake,” alisema.

“Hajawakinga,” nilimjibu, “wala hajawazidishia hatari.”

Akanishukuru, akakata simu. Tangu usiku ule sijui ni nusu ipi ya jibu langu aliyolala nayo.