Nilivyonunua trekta Njoro bila kununua plau

Kila anayeingia kwangu huizunguka trekta mara moja, halafu huuliza: "Na plau umeiweka wapi?" Sina plau. Nina trela, mashine ya kufyeka nyasi na bledi ya nyuma ya kusawazishia barabara. Nimejieleza mwaka mzima mpaka nimechoka, kwa hivyo acha niandike mara moja.

Shamba ni ekari 11, upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, barabara inapopanda kwenda Mau Narok. Ekari 6 ni za mahindi na viazi, 4 ni za nyasi ya boma Rhodes na napia ya ng'ombe, na ile moja iliyobaki ni boma, miti na kibarabara cha udongo kinachotutoa hadi barabara kuu. Masika yakiingia, kile kibarabara hugeuka mto. Kuna mwaka gari la maziwa lilikataa kuingia siku nne mfululizo, tukayabeba maziwa kwa punda.

Nilipostaafu uuguzi na kiinua mgongo kikaingia, nyumbani kila mtu alikuwa ameshaamua kitanunua nini. Wanangu walitaka trekta ya nguvu za farasi 75, "ile inayolima". Shemeji yangu alikuwa ameshauliza bei ya plau ya disku tatu. Mimi nilikuwa na kijitabu.

Ukikaa wodini miaka 30 unazoea kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilianza kuandika kila trekta ya kukodi iliyoingia shambani: tarehe, kazi, pesa. Nilidhani kulima ndiko kunakonimaliza. Kumbe wapi. Kulima ekari 6 kwa 3,500 kila ekari na kupiga haro (kuvunja mabonge ya udongo) kwa 3,000 kulinila KSh 39,000, na kazi yote iliisha kwa siku mbili. Kufyeka nyasi mara nne, KSh 40,000. Kusawazisha barabara mara mbili, KSh 36,000. Na kubeba je? Mbolea ya boma kwenda shambani, napia kutoka shambani, magunia ya mahindi, kuni, mawe, maji wakati wa kiangazi: safari 61 za trela, kila safari 2,500. Hizo ni KSh 152,500 peke yake. Jumla ya mwaka ilikuwa KSh 267,500, na jembe lilikuwa sehemu ndogo tu humo ndani. Plau ingefanya kazi siku mbili, siku zilizobaki kuku wangelala juu yake.

Nikaanza kutafuta trekta ndogo. Kwenye maonyesho ya kilimo ya ASK ya Nakuru niliona moja ya farasi 35, inang'aa kama sufuria mpya, nikaipenda papo hapo. Nilikuwa nimefuatana na mzee jirani yetu, aliyeendesha matrekta kwenye mashamba ya ngano ya Mau Narok tangu ujana wake, na ambaye sasa ndiye dereva wangu. Alikisoma kibao cha maelezo ya injini polepole, akasema, "Mama, hizi farasi ni za pwani."

Nilidhani anatania. Akanieleza, na jioni nikaketi na kalamu. Injini isiyo na turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi na dizeli haipati cha kuunguzia. Sisi tuko kwenye mita 2,200 hivi. Hapo zimeshaenda asilimia 22. Na kabla hata ya mlima, nguvu ya injini si nguvu inayofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Inayofika huko ni kama asilimia 85. Sasa farasi 35 zinashuka hadi 30 hivi, ukitoa mlima unabaki na 23. Mashine ya kufyeka ya upana wa futi 5 huhitaji farasi 5 za PTO kwa kila futi, yaani 25. Ile sufuria yangu mpya ingekohoa moshi mweusi kwenye nyasi ndefu na isimalize.

Mzee aliongeza jambo ambalo halikuandikwa kwenye kibao chochote: uzito. Trekta inaweza kuwa na nguvu ya kuvuta trela ya tani tatu mlimani, lakini kuteremka nayo ni habari nyingine. Trela huisukuma trekta nyepesi kutoka nyuma, magurudumu yakateleza, na hapo breki hazina maana. Ameona watu wakizikwa kwa sababu hiyo, akasema, kisha akanyamaza. Sikuuliza zaidi.

Tulibaki na njia mbili. Moja, trekta ya farasi arobaini na kitu yenye turbo, ambayo haijali sana mlima. Ya pili, farasi 50 bila turbo: 50 mara asilimia 85, toa mlima, unabaki na kama 33 kwenye PTO, za kutosha na kubaki. Vijana wa duka walisifu turbo. Nami nilipenda hesabu yake. Lakini mafundi wote ninaowajua pale Njoro wamekulia kwenye injini za kawaida za silinda tatu, na pampu ya dizeli ya aina hiyo wanaifungua huku wakipiga soga. Nikachagua farasi 50 bila turbo, inayovuta magurudumu yote manne. Hili la manne sikubishana nalo. Kwenye ule mteremko wetu, ukiingiza gia ya mbele, hata magurudumu ya mbele yanasaidia kuishika trekta wakati wa kuteremka.

Sasa bei. Duka la kwanza lilikuwa Nakuru mjini na sitalitaja. Kijana wa mauzo alimkaribisha mzee kwa mikono miwili, "Karibu bosi," mimi akaniletea kiti. Kila swali nililouliza, jibu lilikwenda kwa mzee. Mzee naye alikuwa akiangalia dari. Mwishowe akamwambia, "Kijana, mwenye pesa ndiye huyu. Mimi nimekuja kusikia injini." Tangu hapo nikawa "madam".

Bei ilikuwa KSh 2,390,000, nzuri kuliko kote tulikopita. Nikaomba kuiona ile ile nitakayopewa, si mfano wake. Walitupeleka uani nyuma. Rangi safi, kiti bado kina karatasi ya nailoni. Nilichuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu jipya huwa na vinywele vya mpira, vile vijisindano laini vinavyobaki kutoka kwenye kalibu kiwandani. Ya nyuma yalikuwa navyo. Ya mbele hayakuwa na hata kimoja, na kwenye pedali ya klachi kulikuwa na mbegu kavu za nyasi zimenata kwenye grisi. Mzee alikuwa ameshapanda juu. Akanyoosha kidole kwenye mita ya saa ambazo injini imefanya kazi: 61.

"Ni ya kuonyesha tu, madam. Ilienda uwanjani kidogo."

Saa 61 si nyingi. Ningeweza kuichukua kwa punguzo, na kweli walinitupia punguzo la 100,000 kabla sijafungua mdomo. Ila trekta mpya hufanyiwa huduma ya kwanza ikifika saa 50, kwa sababu injini na giaboksi zikizoeana hutoa vumbi la chuma linaloingia kwenye oili, na ile oili ya kwanza lazima itoke nalo. Nikauliza karatasi ya hiyo huduma. Hakukuwa na karatasi. Mzee akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwenye kidole gumba, akanionyesha: nyeusi tititi. Tukaaga kwa adabu.

Kabla ya duka la pili nilifanya jambo ambalo ningemshauri yeyote alifanye hata kabla ya kuona trekta. Nilitembea kwenye maduka ya spea ya Nakuru nikiwa na orodha ya vitu vitano: filta ya oili, filta ya dizeli, filta ya hewa, pampu ya maji na sahani ya klachi. Niliuliza bei ya kila kimoja kwa aina tatu za trekta nilizokuwa nazifikiria. Vumbi la Njoro ni laini kama unga wa wimbi na linaua filta za hewa, kwa hivyo hiyo niliiuliza kwanza. Aina mbili zilikuwa na kila kitu kaunta. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, sahani ya klachi ingeagizwa na kusubiriwa wiki tatu. Wiki tatu katikati ya mavuno! Nikaifuta kwenye orodha hapo hapo barabarani.

Duka la pili waliniambia KSh 2,520,000. Nikaomba kwotesheni ya maandishi, kila kitu kwenye mstari wake, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba bei ya mdomo na bei ya kufika nyumbani ni watu wawili wasiojuana. Kwingine kote, vyuma vya uzito vya mbele vilikuwa nje ya bei. Paa la kivuli lilikuwa nje. Usajili na namba ya NTSA, mamlaka ya usafiri, nje, kusafirisha nje. Hapa walikuwa wameshaweka vyuma vya mbele ndani. Tulivutana siku mbili. Walishuka hadi 2,450,000, wakaongeza paa na huduma mbili za bure, ya saa 50 na ya saa 250, mafuta na filta ndani yake. Niliwaandikisha kwamba dhamana inaanza siku trekta inapofika shambani, si siku ilipotoka bandarini. Mita yake ilisoma saa 2.

Mashine ya kufyeka ilikuwa KSh 215,000, bledi 90,000. Trela dukani ilikuwa 480,000, nikatengenezewa na mafundi wa jua kali mjini kwa 330,000, na nikasimama pale wakati wa kuchomelea ekseli kama ninavyosimama kwenye kitanda cha mgonjwa. Bima 58,000. Usajili na usafiri 27,000. Jumla KSh 3,170,000, ambayo, kama unavyoona, imeipita ile bei ya mdomo ya duka la pili kwa zaidi ya laki sita. Ndoo ya mbele ya kupakia walitaka 640,000, nikakataa. Hilo najutia kidogo. Vijana wawili wanapakia mbolea kwa koleo na mgongo wangu unaumia kwa kuwatazama tu.

Nilikuwa na KSh 1,970,000, zikiwemo za mitamba miwili niliyouza. Pengo lilikuwa 1,200,000. Duka lilikuwa na mkopo wa "asilimia 12 tu", na Sacco yetu inatoza 14. Wanangu wakaona nimechanganyikiwa nilipochagua 14. Lakini ile 12 ya duka inapigwa juu ya deni lote kila mwaka hata ukiwa umeshalipa nusu: 144,000 mara miaka mitatu, KSh 432,000. Ile 14 ya Sacco inapigwa juu ya deni lililobaki tu, na kwa miezi 36 riba yake ni kama 276,000. Nalipa karibu 41,000 kwa mwezi badala ya 45,000 na kitu. Muulize anayekukopesha swali moja: mwezi wa 30 nitakuwa nalipa riba ya deni lipi?

Na sasa ukweli ambao shemeji yangu hapendi kuusikia. Nalipa kama 492,000 kwa mwaka, na kazi zangu zote za kukodi zilikuwa 267,500. Kwa shamba langu peke yake trekta hii hailipi, na ingekuwa ya farasi 75 isingelipa zaidi. Inalipa kwa sababu inabeba mizigo ya majirani, safari tano hivi kwa wiki, na mzee anaandika kila moja kwenye kile kile kijitabu, kwa penseli, pamoja na lita za dizeli na jina la anayedaiwa. Wanaodaiwa ni wengi kuliko nilivyotarajia. Kibarabara, angalau, kimekuwa kibarabara. Naipitisha bledi baada ya kila mvua kubwa, maji yanakwenda pembeni, na gari la maziwa halijakosa hata siku moja masika yaliyopita.

Wiki jana nilimpigia simu yule mwenye tinga kubwa aje alime ile ekari 6 kama kila mwaka. Alicheka mpaka akakohoa. "Mama, una tinga yako mwenyewe na bado unaniita mimi?" Nikamwambia aje Jumanne, na asisahau haro.