Kabla Hujamgusa Mgonjwa, Ipange Nyumba

Hospitalini sindano iliyotumika ina mahali pa kwenda, kitanda kinapanda na kushuka, bomba liko hatua chache, na ukiita mtu anakuja. Nyumbani kwa mgonjwa utakuta kitanda cha mbao kimesukumwa ukutani, ndoo ya maji uani, mfuko wa dawa unaning'inia msumarini, na shangazi wa miaka 70 anayetaka kukusaidia kubeba. Mafunzo mengi ya wahudumu wa majumbani huanza na orodha ya magonjwa. Kwa maoni yangu hapo wanaanzia mkiani. Dakika 10 za kwanza ni za kupanga chumba, na hazina mbadala hata kama unachelewa nyumba inayofuata.

Tuanze na sindano. Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini mara 2 kwa siku anatumia sindano 60 kwa mwezi, akiwa hazirudii. Ziko wapi? Chini ya mto, kwenye mikunjo ya shuka, ndani ya kikombe juu ya kabati, na zaidi ya kote ndani ya mfuko ule ule wa dawa. Kwa hiyo usitumbukize mkono kwenye mfuko wa dawa wa mtu. Mwaga vyote kwenye sinia, uvione. Shuka nazo usizikumbatie ukitandua; zikunje taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, macho yakiwa mbele ya vidole.

Ajali nyingi hutokea katika ule muda mfupi kati ya kuchomoa sindano na kuitupa. Mtu anatafuta pa kuiweka, hapaoni, anaamua kuirudishia kifuniko, kidole kinachomwa. Dawa yake ni chombo kilicho karibu kiasi kwamba mkono unakifikia bila wewe kupiga hatua. Kile kisanduku cha karatasi ngumu cha zahanati ni kizuri kwenye meza kavu, lakini sakafuni penye majimaji kitako kinalegea. Nyumbani napendelea dumu la lita 5 la mafuta ya kula, lenye plastiki nene na kifuniko cha kuzungusha, limeandikwa SINDANO kwa kalamu isiyofutika. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano inaitoboa. Likijaa robo tatu lifungwe, lipelekwe zahanati zilikotoka sindano hizo. Usilitumbukize chooni, maana kuna mtu atakuja kukinyonya au kukichimbua choo hicho, wala usilichome kwenye jiko la mama wa watu.

Ikilazimu kurudisha kifuniko, kilaze mezani, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, na huo mwingine ukichote kifuniko kwa ncha ya sindano.

Umechomwa? Usibinye kidole, usinyonye, usimwagie spiriti wala klorini. Vinaumiza ngozi na havisaidii. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ya kibuyu chirizi. Damu ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi dakika 15. Kisha ondoka uende kituo chenye dawa za kinga ya VVU. Mwisho wa kuanza ni saa 72, lakini msiishi kwa hiyo 72: saa 2 za kwanza ndizo zenye faida kubwa, na dawa humezwa siku 28 bila kuruka. VVU kwa kuchomwa sindano huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika mara 300 katika 1,000. Ajabu ni kwamba wahudumu wengi wanaiogopa ya kwanza huku ya pili hawajaichanjia, wakati chanjo ni dozi 3 tu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Mwajiri anayekutuma majumbani kabla ya dozi ya kwanza anakucheza.

Damu iliyomwagika ifunike kwa kitambaa, mwagia klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, ndipo ufute ukiwa na glavu. Soma lebo ya chupa: ya asilimia 3.5 unachanganya sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Ya asilimia 5, sehemu 1 kwa 9. Maji yawe ya baridi, na mchanganyiko wa jana umwagwe. Mkojo usiumwagie klorini moja kwa moja, unatoa mvuke unaokaba koo, hasa kwenye chumba chenye dirisha moja. Futa kwanza, ndipo usafishe.

Sasa mgongo, ambao ndio unaowatoa watu kazini kimyakimya. Sindano ina fomu yake na dawa zake. Mgongo unauma Jumatatu, unameza diklofenaki, Ijumaa unauma tena, na hakuna aliyeandika kitu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, ilipendekeza mhudumu asibebe kwa mikono zaidi ya pauni 35 za mwili wa mgonjwa, kama kilo 16, tena mazingira yakiwa mazuri. Fikiria mguu mmoja wa mtu wa kilo 70 unakaribia kilo 11. Maana yake kumwinua mtu mzima peke yako hakuna mbinu inayokuokoa, hata ukunje magoti vizuri namna gani. Unachotafuta ni kumtelezesha na kumgeuza, usimbebe.

Anza na kitanda. "Shikamoo mama, naomba tukisogeze kitanda hiki kidogo, nipate kupita pande zote mbili." Hakuna atakayekatalia hilo. Kitanda kilicho ukutani kinakulazimisha kumvuta mgonjwa ukiwa umeinama na kunyoosha mikono, na huko ndiko kiuno kinakokatikia. Kwa mgonjwa asiyeshuka kabisa, kitanda kiinuliwe kifike usawa wa nyonga zako. Fundi seremala akate vipande 4 vya gogo, kila kimoja akichimbe shimo la sentimita 3 au 4 ili mguu wa kitanda uzame. Matofali yaliyopangwa tu hutoka siku mgonjwa akijigeuza kwa nguvu. Lakini mgonjwa anayesimama mwenyewe usimwinulie kitanda, nyayo zake lazima zikanyage sakafu akikaa ukingoni. Kwake wewe ndiye wa kushuka: goti moja juu ya godoro, mguu mwingine chini.

Kumpandisha juu mgonjwa aliyeteleza kitandani, tafuta lile nailoni linalofunika godoro jipya. Likunje mara mbili, mgeuze mgonjwa ubavu, lipitishe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, juu yake kuwe na shuka. Watu wawili, mmoja kila upande, mnashika shuka karibu kabisa na mwili wake, viganja vikitazama juu. Kama ana mguu mmoja wenye nguvu, ukunje goti ili naye asukume. Hesabuni, kisha hamisheni uzito wenu kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nailoni linateleza juu ya nailoni na mgonjwa anasogea kwa nguvu ndogo ya kushangaza. Maliza kwa kulitoa. Likibaki, ngozi inatoka jasho na vidonda vinakaribishwa, na yeye mwenyewe anaweza kuteleza hadi chini.

Kumhamishia kwenye kiti cha magurudumu: kiti kiwe upande wake wenye nguvu, breki zimefungwa, sehemu za kukanyagia zimekunjwa. Mfunge mkanda mpana wa kitambaa kiunoni, wewe ushike mkanda. Kanga iliyofungwa fundo hufunguka, na shati huchanika. Asikushike shingoni hata kidogo, na mgonjwa wa kiharusi usimvute mkono uliolegea, utamtegua bega. Akianza kuanguka, usimdake. Mvute karibu, tanguliza mguu mmoja, umwache ateleze taratibu juu ya paja lako mpaka chini. Akishafika chini hakuna haraka: kagua kama ameumia, mwekee mto, ita watu.

Kwenye kifua kikuu nitapita kwa kifupi, maana hapa hewa ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mtu anayekohoa mpokee nje, chini ya mti, kama anaweza kutoka. Hawezi, fungua mlango na dirisha, kaa upepo ukitokea mgongoni kwako kwenda kwake. Yeye avae barakoa ya kawaida, wewe N95, ile barakoa nzito inayochuja hewa na kubana uso, na ndevu zinaipa hewa njia ya pembeni. N95 itunze kwenye bahasha ya karatasi; kwenye nailoni inaota unyevu. Na jiko la mkaa litolewe chumbani. Kichwa kikikugonga kila ukitoka nyumba fulani, usifikirie uchovu tu, fikiria na gesi ya mkaa. Kwenye silinda ya oksijeni, moto wowote ni marufuku, na mafuta ya kupaka yasiguse maungio yake.

Watu ndio sehemu ngumu kusemea. Shemeji anayefunga mlango nyuma yako, kijana aliyelewa, mgonjwa mwenyewe anayekushika usipotaka. Kuvumilia si sehemu ya huduma. Kabla ya kwenda, mtu mmoja ajue uko nyumba gani na utatoka saa ngapi. Ikipita nusu saa hujampigia, akupigie. Kubalianeni maneno: ukisema "niandalie lile faili la kijani," ajue anatakiwa kuja au kutuma watu. Kaa karibu na mlango kuliko yeyote, ufunguo usiwe mfukoni mwa mwingine. Mbwa afungwe kabla hujaingia getini. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji dakika 15, halafu nenda kachanjwe kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa kidogo.

Nimalizie na karatasi. Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri ndiye anayechangia na mshahara wako haukatwi. Kenya sheria ya fidia ya 2007, WIBA, inamtaka mwajiri akukatie bima. Vyote vinaanza na swali kama wewe ni mfanyakazi wa mtu, na anayeitwa "wa kujitolea" huku akilipwa posho anaweza kujikuta nje. Uliza hilo kabla ya kusaini. Kisha nunua kauntabuku, na likitokea la kutokea uandike siku hiyo hiyo, kwa undani wa namna hii: tarehe, saa 4 na dakika 20 asubuhi, kidole cha shahada cha kushoto, sindano ya insulini iliyotumika, ilikuwa ndani ya mfuko wa dawa, nilivaa glavu, nimeosha papo hapo, nimemwarifu msimamizi kwa simu saa 4 na nusu, nimefika kituoni saa 5 na robo. Piga picha ukurasa huo, umtumie msimamizi.