Mbuzi gani, mwanangu?

Wazazi wengi mtoto akiingia nasari swali la kwanza ni ashajua kuandika jina lake, sijasikia anayeuliza kama ajua kuhadithia. Na kuhadithia si mchezo jamani, mtoto lazima aseme nani alikuwepo, kulianza nini, kwa nini, tena akumbuke kwamba huyu anayemsikiliza kuna vitu havijui.

Hilo la mwisho ndio gumu. Juzi tumetoka Likoni na kijana wangu wa miaka minne, kufika tu akamrukia nyanyake, "Nyanya, mbuzi alianguka! Halafu yule mtu akapiga kelele, halafu mama akacheka, halafu tukapanda tuktuk!" Mimi nimeelewa yote, si nilikuwepo. Nyanyake akamtazama, "Mbuzi gani? Alianguka wapi, baharini?" Mtoto akanyamaza akafikiria weee, "La, ndani ya feri. Kamba yake ilikatika." Ehe, sasa kuna hadithi. Umri ule wanaunga kwa halafu halafu na kuruka vipande, mambo ya sababu na mtu alikuwa ataka nini huanza kukaa sawa miaka mitano sita hivi.

Sasa nasari hapa ina kazi yake, maana sisi wa nyumbani twamjua sana, hata akisema nusu twamalizia wenyewe, lakini wenzake wa darasani hawamjui nyanyake wala hawakupanda ile feri kwa hivyo hana budi aeleze. Shida ni upate mwalimu wa kumpa nafasi. Ile ya kwanza tuliyomtia, sitaji jina, ilikuwa a e i o u asubuhi mpaka saa sita na ukifungua mdomo ni "kidole mdomoni!" Na huu mtaala mpya wa Kenya ulioanza 2019 wataka watoto wa PP1 na PP2, yaani ile miaka miwili ya nasari kabla ya darasa la kwanza, wajifunze kwa kucheza na kuongea, lakini sisi wazazi wenyewe tukiona daftari halina tiki twalalamika.

Kule Chicago kulikuwa na mwalimu wa chekechea akiitwa Vivian Paley, yeye mtoto alikuwa anasimulia yeye anaandika maneno yake vilevile, kisha wenzake wanaiigiza darasani. Kalamu na karatasi basi. Nawaza tu, kama hukusema fisi alikwenda wapi na mwenzako anayeigiza fisi amesimama katikati ya darasa akikungoja, si utasema?

Nyumbani nako maswali yetu ni kama ya polisi: umekula? umepigwa? penseli iko wapi? Anajibu ndio, la, kwisha. Watafiti waliofuatilia mazungumzo ya wazazi na watoto wameona wale wanaouliza "ikawaje?" na kuongezea juu ya alichosema mtoto, watoto wao huja kusimulia vizuri zaidi. Mama mkwe hajasoma utafiti wowote lakini ndivyo afanyavyo.

Yeye stima ikipotea ni "Paukwa!" na mtoto "Pakawa!", siku hizi zamu inabadilishwa, kijana ndiye anapauka. Sungura wake anaendesha tuktuk Kongowea, fisi anashuka bila kulipa nauli, na nyanya akiuliza kwa nini hakulipa ajibiwa, "Alisema atatuma kwa simu, halafu akazima simu." Hiyo najua kaitoa kwa mjomba wake.