Ngamia Wawili wa Abu Bakr

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Hilali ya Muharram imeandama na simu zetu zimejaa dua za mwaka mpya, alhamdulillah. Pamoja na dua naona watu wanatumiana maazimio: mwaka huu nitahitimisha Msahafu kila mwezi, mwaka huu sikosi swala ya usiku ya tahajudi, mwaka huu nafunga kila Jumatatu na Alhamisi. Mwaka jana mimi niliyaandika yote matatu. Ulipoingia Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal, hapakuwa na hata moja lililosimama, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilianza kuukwepa Msahafu wenyewe, kama mdaiwa anavyozunguka uchochoro mwingine asipite mbele ya duka.

Hali hiyo ikanirudisha chuoni, kule tulikosomea Kurani na dini utotoni. Wengi wetu wa pwani tumesoma Safina, kile kijitabu cha fiqhi cha wanaoanza, na maana ya nia tuliiimba kabla hatujaielewa: kukusudia jambo pamoja na kulitenda. Mashekhe wakisherehesha huongeza neno ambalo utotoni lilinipita. Kusudio likitangulia na kitendo kikachelewa, hiyo haiitwi nia. Inaitwa azma. Ndilo neno lililotupa "azimio" letu.

Bibi yangu jambo hili alilifundisha uani, penye mtungi na kata ya kifuu. Ukichota maji ukakimbilia kuyapiga usoni, alikushika kifundo cha mkono. "Ngoja, mjukuu wangu. Umenuia?" Maji yanavuja baina ya vidole, nawe unaukusanya moyo upesi kabla hayajaisha kiganjani, ndipo anakuachia. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, nia ya udhu mahali pake ni pale pale maji yanapogusa sehemu ya kwanza ya uso. Ya jana haitoshi, wala ile uliyokuja nayo njiani. Na Ramadhani vilevile: hukumu yetu ni kunuia kila usiku, japo kila mtu msikitini anajua kwamba kesho tunafunga. Siku thelathini, nia thelathini.

Sisemi kwamba azma haina thamani. Mwaka wetu huu umejengwa juu ya azma. Hijra ya Mtume (s.a.w.) kutoka Makka kwenda Madina ilitimia katika Mfunguo Sita, mwaka 622 Miladia. Lakini katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), ilipowekwa kalenda, Muharram ndio uliofanywa mwanzo wa mwaka. Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni wa hadithi, ameeleza sababu yake: baia, yaani ahadi ya utii, ya watu wa Madina kwa Mtume (s.a.w.) ilifanyika ndani ya Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, na mwezi wa kwanza kuandama baada ya baia hiyo na baada ya kuazimia kuhajiri ulikuwa huu wa Muharram. Basi tazameni azma ile ilivyotunzwa mpaka siku ya safari.

Bi Aisha (r.a.) anasimulia, na imo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, kwamba baba yake Abu Bakr alijiandaa kuhama, Mtume (s.a.w.) akamwambia asubiri kidogo, kwa kuwa naye anataraji kuruhusiwa. Abu Bakr akabaki ili aandamane naye. Alikuwa na ngamia wawili, akawa anawalisha majani ya msamuri, mti wa jamii ya migunga, kwa muda wa miezi minne.

Hapa mimi husimama kila mara. Bi Aisha hakutuhadithia maneno ambayo baba yake alikuwa akiwaambia watu katika miezi hiyo. Ametutajia majani. Mgunga una miiba, na ngamia aliyekula leo kesho ana njaa tena. Siku ya kutoka haijulikani, ruhusa haijaja, Makka inazidi kuwabana waumini, na ndani ya nyumba ile kuna kazi moja ndogo inayorudiwa. Kisha siku moja, jua la mchana limesimama, Mtume (s.a.w.) akaja amejifunika kichwa, saa ambayo hakuwa na mazoea ya kuwatembelea, akasema ameruhusiwa kutoka. Abu Bakr akamwambia: chukua mmoja wa ngamia wangu hawa wawili. Akajibiwa: kwa thamani yake. Ngamia wapo, wana nguvu, kwa sababu ya majani ya jana na ya juzi.

Na ile hadithi ya nia tunayoihifadhi sote, aliyeipokea ni Umar huyo huyo, na mfano uliotolewa ndani yake ni hijra hii hii. Watu wawili wanakanyaga mchanga mmoja. Mmoja anahama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, mwingine anahama kwa dunia aipate au mwanamke amwoe. Kila mmoja hijra yake ni kwa kile alichokihamia. Nilipoisoma tena wiki hii nilijiuliza khitma zangu za kila mwezi nilikuwa nikizihamia nini. Nimekiri mbele ya Mola wangu na nakiri mbele yenu: nilipenda kuulizwa, "Umefika juzuu ya ngapi?"

Lakini si yote yaliyoanguka yalianguka kwa namna moja, na hili naomba tulitenganishe kwa uadilifu. Tahajudi niliipoteza mwenyewe, kwa kukesha na simu mpaka usiku wa manane. Huo ni uzembe, dawa yake ni istighfari, kumwomba Mola msamaha, na kulala mapema. Khitma ilikatika mama alipougua. Tulilala naye hospitali wiki tatu, mkono mmoja nimeshika chupa ya uji, mwingine namgeuza ubavu. Usiku nilikuwa nauweka Msahafu kwenye kijimeza, na alfajiri ikinikuta sijaufungua nilijiona nimefilisika kabisa.

Kwa aliyepitia hayo, pokeeni maneno ya Mtume (s.a.w.) aliyowaambia masahaba waliporejea kutoka msafara wa vita wa Tabuk: Madina kuna watu ambao hamkwenda mwendo wowote wala hamkuvuka bonde lolote isipokuwa walikuwa pamoja nanyi. Wakauliza, nao wako Madina? Akasema, nao wako Madina, udhuru umewazuia. Aliyeuguza, aliyekuwa na kichanga kisicholala, aliyefanya kazi zamu mbili kwa ajili ya ada za watoto, na moyo wake ulikuwa unakwenda: asijihesabu kuwa alibaki nyuma.

Mwaka huu sijaandika orodha. Imepokewa kwa Bi Aisha vilevile kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni inayodumu, hata ikiwa kidogo. Mama amerudi nyumbani, macho yake hayaoni tena maandishi, ila masikio yake ni yale yale. Nimenuia ukurasa mmoja baada ya swala ya alfajiri, kwa sauti, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Nanuia pale ninapofungua Msahafu, kwa siku ile tu. Kesho nikijaaliwa kuamka nitanuia ya kesho, inshallah.

Leo tumeanza Suratu Yusuf. Nilisoma Bismillah, nikaingia herufi zake za mwanzo, Alif Lam Ra, mama akanyanyua kidole.

"Lamu hujaivuta, mwanangu. Rudi."

Nikarudi.