Nilivyojifunza kueleza kazi yangu kwa Kifaransa nikiwa Mtwara

Mimi ni fundi umeme, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Leo naweza kukaa mbele ya Mfaransa nikamweleza kwa dakika tano nzima nimesoma wapi, nimefanya kazi wapi na natafuta kazi gani. Sijalipia darasa hata moja. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu karibu kila niliyemwomba ushauri alinipoteza njia.

Mambo yalianza na tangazo. Mkandarasi mmoja alitaka mafundi, msimamizi wa kazi ni Mfaransa, na anayejua Kifaransa kidogo angefikiriwa kwanza. Kwetu huku si ajabu. Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa na Maurel & Prom, kampuni ya Ufaransa, na Wangazija, watu wa Komoro wanaotumia Kifaransa, wanakuja kila mara kufuata bidhaa. Tangazo lile lilinipita hivihivi. Nikajiapiza kuwa la pili halitanipita.

Kaka mmoja aliyesoma Dar akaniambia nikazane na Kiingereza kwanza, eti Kifaransa ni ndugu yake. Mwingine akaniazima kitabu cha vitenzi, nikakitolea kopi. Zile kopi zilikula kama elfu saba, lakini kilichoniuma ni wiki sita zilizopotea. Kila usiku nilikariri jedwali baada ya jedwali, umeme ukikatika nawasha tochi ya simu: je fus, tu fus, il fut. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa ile ni njeo ya vitabuni, watu hawaongei hivyo. Wiki sita! Na bado nilikuwa siwezi kusema "natafuta kazi". Je cherche du travail. Basi, ni hayo tu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Ngazija aliyekuja kufuata saruji. Nilimkuta amekaa kivulini, lori linasubiri zamu. Nikamwamkia, tukazungumza Kiswahili, maana chake kinasikika vizuri kabisa. Nilipomwambia najifunza Kifaransa akafurahi: "Haya mwanangu, nieleze wewe ni nani."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema, "J'ai étudié au collège. J'ai une licence d'électricien." Nilitaka ajue kwamba nimesoma chuo cha VETA na kwamba nina leseni ya EWURA ya kufunga umeme. Yote mawili ni kweli tupu na vyeti ninavyo.

Mzee akanitazama. Tabasamu likapotea. Akaniuliza, "Licence? À quelle université ?" Chuo kikuu gani? Nikamjibu kuwa sijasoma chuo kikuu. Akanyamaza, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mwanangu, mtu hasemi uongo kwenye elimu yake."

Mwili ulinifa ganzi. Nimetoka kwenye nyumba ambayo uongo ni aibu ya ukoo, halafu mtu mzima ananiambia hivyo. Nikatoa leseni yangu kwenye pochi, nikamwonyesha. Aliigeuza huku na huku, akaisoma, akashusha pumzi. Akasimama, akasogea kwenye ubavu wa lori lililotanda vumbi la saruji, akachora ngazi kwa kidole. Kipawa cha chini akaandika collège: hiyo ni sekondari ya watoto, miaka minne. Juu yake lycée, miaka mitatu, na mwisho wake mtihani wa bac. Juu zaidi université, na baada ya miaka mitatu ya hapo ndipo mtu anapata licence, yaani shahada ya kwanza. Mfumo wao wa shule ni wa Kifaransa, kwa hiyo hakuhitaji hata kufikiri. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba niliishia kipawa cha kwanza na papo hapo nina shahada. Nani asingeniona mwongo?

Akanifundisha pale pale: "J'ai suivi une formation en électricité dans un centre de formation professionnelle", yaani nimepata mafunzo ya umeme kwenye chuo cha ufundi. Na leseni niiite autorisation. Nililirudia lile la formation mpaka lori likaitwa. Nilipiga picha ile ngazi ya vumbi kwa simu na bado ninayo.

Kuanzia siku ile niliacha kupitia Kiingereza. Yale maneno mawili, collège na licence, niliyabeba kwa sababu kwa Kiingereza yalifanana na niliyoyataka. Nikaanza kuandika kwanza sentensi ya Kiswahili, ile ninayoisema kila siku, halafu natafuta Mfaransa huiwekaje. Nikashangaa. Sisi tunasema "mimi ni fundi umeme", nao wanasema je suis électricien, bila kichembe chochote kabla ya jina la kazi. Sisi tuna miaka, nao wanayo: j'ai vingt-huit ans. Mwingereza ndiye anayekuwa miaka yake. Sisi tunasema "nafanya kazi hii tangu 2019", kitenzi kiko wakati uliopo kwa kuwa kazi haijaisha, nao ni vilevile: je fais ce travail depuis 2019. Wanaopitia Kiingereza huteleza hapa kila siku.

Hata salamu. Kwao ukianza na swali bila bonjour umekosa adabu, na mtu usiyemzoea unamwita vous ya heshima, si tu ya waliozoeana. Mtoto aliyelelewa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili.

Sauti ya r ilinisumbua mpaka nilipokumbuka ghaini. Madrasa, Mikindani, ustadhi alitushikisha herufi ile kooni mpaka ikakaa. R ya Kifaransa si ghaini yenyewe, ila ni jirani yake wa mlango wa pili. Nikawa nasema ghali, ghafla, ghorofa, halafu hapo hapo, koo likiwa bado na joto: rue, rouge, travail. Nilifanyia mazoezi kwenye kivuko cha Msangamkuu, nikienda kwa wateja na kurudi, kwa sauti, maana injini inakufunika. Zile irabu za puani kama kwenye ans na formation, shika pua kwa vidole viwili. Ukisikia inatetemeka, umepatia.

Majina ya vitu usiyajifunze peke yake. Un stage, une formation, un métier, kila jina na kichwa chake, un au une, kama vile mtoto wetu anavyojua "kiti hiki" bila kufundishwa ngeli. Stage kwao ni fildi, ile ya mwanafunzi kwenda kazini. Niliifanya miezi miwili: j'ai fait un stage de deux mois.

Bando lilikuwa la elfu mbili, tatu kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Mtihani wa DELF, ule wa kupata cheti cha Kifaransa, sijaufanya. Lazima nisafiri mpaka Dar, na nauli na malazi vinazidi nilichonacho kwa sasa. Kiwango changu ni kile cha mwanzo, A1, na kwa kazi yangu kimetosha.

Tangazo la pili lilikuja baada ya miezi minne hivi. Chumbani walikuwa watatu, Mfaransa amekaa pembeni. Nikasema bonjour madame kwa mama wa utumishi, bonjour monsieur kwa wale wawili, ndipo nikakaa. Mfaransa akainua uso kwenye karatasi. "Qu'est-ce que vous faites dans la vie ?" Yaani, unafanya kazi gani? Swali nililolijibu mara mia juu ya kivuko! Nikamjibu kazi, mafunzo, fildi, miaka. Nilipofika kwenye leseni nikasema autorisation, akasaidia kwamba kwao ile ya mambo ya umeme wanaiita habilitation. Nikaliandika mkononi mbele yake. Akauliza nitaweza kuanza lini. "Lundi", nikasema. Jumatatu ile nilikuwa kwenye ngazi na testa mfukoni, mkataba wa miezi sita.

Sasa daftari langu analo binti wa jirani anayesomea uhasibu. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimemwandikia je suis étudiant en comptabilité. Akalirudisha jioni ile ile, ameongeza e ya kike mwishoni mwa étudiant kwa kalamu nyekundu, akanisomea kwa sauti ili ile t isikike. Kopi za vitenzi sikumpa. Nilizifungia karanga.